Mashua ya balsa, kutoka ubao hadi Ziwa Duluti: mwongozo kamili

Seremala aliyezoea mninga akishika ubao wa balsa kwa mara ya kwanza hucheka. Anaurusha juu, anaudaka, anauliza kama hii nayo ni mbao au ni mkate. Mimi nilicheka hivyo hivyo. Kisha nikaikata kama ninavyokata mninga, nikaitia gundi kama ninavyotia kabati, nikapaka vanishi koti mbili. Chombo changu cha kwanza kilielea karaini dakika arobaini tu, kikaanza kuinamia upande. Nilipokiweka kwenye mzani jioni, uzito ulikuwa umepanda karibu nusu. Kilikuwa kimekunywa maji kama ng'ombe aliyetoka Simanjiro.

Hapa nitaeleza jinsi ya kuunda mashua ya tanga yenye urefu wa sentimita 60, ya kuelea kweli na si ya kupamba kabati. Maneno ya chombo nimeyachukua pwani, kwa sababu huku kwetu chini ya Meru hatuna ya kwetu: mkuku ni ule uti wa chini, mataruma ni mbavu, omo ni mbele, tezi ni nyuma. Ukisema "taruma" pale soko la Kilombero, Arusha, watakuuliza ni tarumbeta ya kanisa gani. Usijali.

Kabla ya yote shika hili: kila ubao wa balsa una kazi yake, na kazi hiyo unaijua kwa mzani na macho kabla ya kutoa kisu. Mbao mbili zilizotoka kifurushi kimoja, unene mmoja, rangi moja, zinaweza kutofautiana uzito mara mbili. Kwenye mninga hilo hulioni.

Mti wenyewe

Balsa ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, na nyingi inayouzwa duniani hutoka Ekuador. Ni wa ukoo mmoja na mbuyu na msufi, na tunda lake likipasuka hutoa sufi vilevile. Hukua mbio, huvunwa ukiwa na miaka mitano au sita. Mbao yake ni seli kubwa zenye kuta nyembamba, ambazo mti ukiwa hai zimejaa maji. Ikikaushwa kwenye tanuri maji yanatoka, unabaki na hewa.

Jina lenyewe ni la Kihispania, na maana yake ni chelezo. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake watano walisafiri kwa chelezo cha magogo 9 ya balsa, Kon-Tiki, kutoka Callao nchini Peru hadi kisiwa cha Raroia katika Polinesia, siku 101 baharini. Watu husoma hadithi hiyo wakadhani balsa haiogopi maji. Magogo yale yalikatwa mabichi, na Heyerdahl mwenyewe alieleza kwamba utomvu uliokuwa ndani ndio uliozuia maji ya bahari yasipenye. Ubao unaofika kwako wewe umekaushwa. Umebaki kama sponji, na usipouziba utafanya kazi ya sponji.

Kuipata

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Arusha sijawahi kuikuta. Zangu huagiza mtandaoni zikaja kwa posta, au hubebwa na mtu anayesafiri. Sanduku liwe gumu, mbao zifungwe katikati ya vipande viwili vya plaiwudi, la sivyo utapokea njiti. Kama muuzaji anakubali, mwambie aandike uzito wa kila ubao. Mmoja aliniuzia mbao kumi, na tisa kati yake zilikuwa laini kama ganda la kitunguu. Hazikufaa kitu zaidi ya sitaha, na sitaha tisa za nini?

Ukiwa bado unasubiri mzigo, jifunzie kwenye mlingoti wa mkonge. Mkonge uliopandwa kama ua ukishatoa mlingoti na kukauka, ganda lake la nje ni gumu lakini ndani ni laini na nyepesi, inapasuka na kubonyea karibu kama balsa. Kwa kujifunza kunoa mkono, hapana kilicho rahisi kuliko hicho.

Mahitaji ya mashua hii kwa mbao za upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 1 ni haya: mbao tatu za milimita 3 za uzito wa kati kwa gamba, yaani ngozi ya nje ya chombo, mbili ngumu za milimita 3 kwa mataruma, moja ngumu ya milimita 6 kwa mkuku, na moja nyepesi ya milimita 1.5 kwa sitaha. Ongeza moja ya kuharibu. Utaiharibu.

Kuchagua: hapa usiwe na haraka

Chukua mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Ubao wa milimita 3, kwa sentimita 10, kwa mita 1, una sentimita za ujazo 300. Ukiwa na gramu 30 hadi 36, huo ni mwepesi. Gramu 42 hadi 54 ni wa kati. Ukifika gramu 60 na kuendelea, ni mgumu. Andika namba kwa penseli kwenye ncha ya ubao, si katikati, kwa sababu penseli ikigandamizwa huacha mfereji usiofutika.

Halafu pima uzito wa pande zake. Uegemeze ubao katikati yake juu ya ukingo wa rula. Upande ukizama, ubao huo ni mzito upande mmoja. Mikanda ya kushoto na kulia ya mashua ikitoka kwenye ubao wa namna hiyo bila wewe kujua, chombo kitalala upande hata kabla hujakipa mlingoti. Kata mikanda yako, ipange kwa jozi, moja kushoto moja kulia.

Sasa tazama nyuzi, kwa kuulaza ubao kwenye mwanga wa dirisha. Kuna ubao unaoonyesha mistari mirefu, myembamba, imenyooka kutoka ncha hadi ncha. Huo ukiukunja kwa upana wake unakubali, unaweza kuuzungusha kwenye chupa. Kuna ubao unaometameta madoa madoa kama magamba ya sato. Huo haukubali kukunjwa kwa upana, ukilazimisha unapasuka, lakini ukiulaza unakaa umenyooka na haupindi hovyo. Wa mistari ndio wa gamba. Wa magamba ya samaki ndio wa mataruma. Na kuna wa katikati, usio huku wala kule, ambao ndio utakaokuwa nao kwa wingi. Tumia mzani uamue.

Mara ya kwanza mimi nilifanya kinyume, mataruma nikayatoa kwenye ubao wa mistari, nao ukajikunja wenyewe usiku mmoja wa mvua za masika. Asubuhi mbavu za mashua zilikuwa kama pilipili zilizoanikwa.

Vifaa

Huhitaji karakana. Nyembe za upasuaji namba 11 na mpini wake namba 3 hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, nazo ni kali kuliko kisu chochote cha karatasi. Rula ya chuma ya sentimita 30 na nyingine ndefu zaidi. Msumeno mdogo wa meno madogo sana kwa mkuku. Pini za fundi cherehani, nyembamba, zenye kichwa. Vibanio vya nguo, raba bendi, na misasa ya namba 120, 180, 240 na 400. Kwa meza ya kujengea tafuta kipande cha silingi bodi laini kinachopokea pini, ukifunike na karatasi ya nailoni ili gundi isishike.

Barakoa ni lazima. Vumbi la balsa ni jepesi, linakaa hewani muda mrefu, na usiku utakohoa.

Kukata

Kosa la kila mtu ni kukata kwa pigo moja. Kisu kikisukumwa kwa nguvu kwenye balsa hakikati, kinaponda seli, na kule chini ubao unachanika. Pita mara ya kwanza kama unaandika kwa penseli, uzito wa mkono tu. Mara ya pili fuata mfereji. Ya tatu au ya nne ndiyo inayotoka upande wa pili. Rula iwekwe juu ya sehemu unayoitaka, ili kisu kikiteleza kiharibu kile cha kutupa.

Nyuzi zina tabia ya kuvuta kisu. Ukikata mkunjo wa taruma, anza mahali ambapo kisu kinatoka kwenye nyuzi kwenda nje ya kipande, kamwe usianze pale ambapo nyuzi zinakivuta kuingia ndani. Hii maana yake mkunjo mmoja unaukata kwa mielekeo miwili, kutoka juu hadi katikati, kisha unageuza ubao na kuanza tena. Kukata kwa kukingama nyuzi ni shida yake yenyewe: ncha ya mwisho hubanduka. Kata kutoka ukingo mmoja hadi katikati, geuza, malizia kutoka ukingo wa pili.

Wembe ukianza kuacha unyoya ubadilishe. Mimi hutumia mmoja kwa mataruma mawili hadi matatu. Bei yake ni ndogo kuliko ya ubao.

Kwa mikanda ya gamba, upana wa milimita 8, usipime kila mmoja kwa rula. Tengeneza kifaa: vibao viwili vidogo vya mbao ngumu, wembe umebanwa katikati yao, na kibao cha chini kitokeze ili kiburutwe kwenye ukingo wa ubao, milimita 8 kutoka kwenye wembe. Vuta taratibu mara tatu, mkanda unatoka umenyooka. Unahitaji mikanda 32 ya sentimita 65, yaani 16 kila upande. Yote kwa pamoja, ikiwa ni ya uzito wa kati, haitazidi gramu 90. Fikiria hilo: gamba zima la chombo cha sentimita 60 kwa uzito wa yai moja na robo tatu hivi.

Mkuku na mataruma

Chora mashua kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi. Urefu sentimita 60, upana mkubwa 18, kimo 10. Gawanya urefu kwa nafasi za sentimita 7.5 na kila mstari uweke taruma, jumla saba. Taruma la katikati ndilo pana kuliko yote. Ya omo na tezi yanabana. Mashua ya pwani ina omo iliyoinama mbele na nyuma iliyokatwa wima, nami huiga hivyo kwa sababu kibao bapa cha nyuma ni rahisi kuliko mkunjo.

Mkuku wa balsa ngumu utatosha, ila kwa anayejifunza nashauri plaiwudi ya milimita 4. Chombo kitaangushwa, na kitaangukia mkuku. Kata nafasi za mataruma kwenye mkuku, upana wake sawasawa na unene wa taruma. Likiingia kwa kusukumwa na kidole ni sawa. Likihitaji nyundo umelibana, litapasuka. Likicheza, utajaza kwa gundi na chombo kitapinda.

Mataruma yakishakaa, chukua mkanda mmoja usiokatwa ncha, ulaze juu yake kutoka omo hadi tezi, uache ujikunje wenyewe. Pale unapogusa ncha moja tu ya unene wa taruma, papige msasa mpaka mkanda ulale flati. Rudia kila kimo, pande zote mbili. Hii kazi ya kulainisha mbavu inachukua jioni nzima na wengi huiruka. Ukiiruka, gamba litaonyesha kila mbavu kama ng'ombe wa kiangazi.

Gundi

Gundi nyeupe ya seremala inatosha karibu kazi yote, mradi ni ile isiyoyeyuka kwa maji. Maandishi ya kopo husema mengi, jaribu mwenyewe. Dondosha tone kwenye nailoni, liache siku mbili likauke, kisha lizamishe kwenye glasi ya maji usiku kucha. Asubuhi likiwa limegeuka jeupe na laini kama jibini, hiyo ni ya madaftari.

Ncha za nyuzi hunywa gundi. Paka ncha kwanza, subiri dakika kumi, paka tena ndipo uunganishe. Bila hivyo gundi yote huingia ndani na kiungo kinabaki kikavu.

Gundi ya papo hapo, ile ya vichupa vidogo, ina mahali pake: ndani ya chombo, tone moja la kushikilia taruma wakati nyeupe inakauka. Usiipake nje. Inakauka ngumu kuliko balsa mara nyingi, na ukija kupiga msasa mbao itaondoka huku mstari wa gundi ukibaki umesimama kama reli. Kila mwenye chombo chenye mawimbi kwenye gamba aliipenda sana gundi hii. Pia usiifute kwa kitambaa cha pamba: ikikutana na pamba hupata joto la ghafla, inaweza kukuunguza na kutoa moshi. Vidole vikishikana, asetoni ya kuondoa rangi ya kucha itavitenganisha.

Kuweka gamba

Kipimo cha upana wa mkanda hakibaki milimita 8 hadi mwisho. Pima kwa uzi umbali kutoka mkuku hadi ukingo wa juu kwenye taruma la katikati. Tuseme ni sentimita 12.8. Gawa kwa 16, ni milimita 8. Kisha pima vilevile kwenye omo. Tuseme ni sentimita 8. Gawa kwa 16, ni milimita 5. Basi kila mkanda uupunguze taratibu kutoka milimita 8 katikati hadi 5 omoni. Usishuke chini ya nusu ya upana wake, kwani ncha nyembamba sana haishiki pini. Ikilazimu, katisha mkanda mmoja na uache miwili ya jirani iungane.

Anza na mkanda wa juu kabisa, ule wa ukingoni, kisha mwenzake wa upande wa pili. Halafu wa pili kushoto, wa pili kulia. Zamu kwa zamu bila kudanganyana. Gundi ikikauka huvuta, na ukimaliza upande mmoja kwanza chombo kitapinda kama ndizi, wala hakuna msasa wa kunyoosha ndizi.

Kwenye omo mkunjo ni mkali. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na balsa nayo ipindwe mbichi. Loweka ncha ya mkanda kwenye maji ya moto dakika kumi na tano, au uishike juu ya mvuke wa birika, kisha uukunje taratibu kwa vidole kuzunguka chupa. Ubane kwenye mashua kwa pini bila gundi, uache usiku mzima. Asubuhi uutoe, umekauka na umekariri mkunjo, ndipo utie gundi. Ukiugundisha ukiwa mbichi utasinyaa, na baada ya siku mbili utaona mwanga kati ya mkanda na mkanda.

Pini usizichome katikati ya mkanda karibu na ncha, utapasua. Zichome pembeni, zikandamize mkanda kwa kichwa chake. Vibanio vya nguo vinasaidia pale ambapo taruma linafikika.

Juni na Julai Arusha ni baridi, gundi inakauka polepole. Ongeza muda maradufu. Usianike chombo juani kuharakisha, hasa kiangazi kile cha upepo wenye vumbi. Upande wa jua utasinyaa kabla ya mwingine.

Msasa

Hapa ndipo balsa inapolipa, na hapa ndipo inapoadhibu. Msasa usishikwe kwa kidole kamwe, kidole kinachimba. Ugundishe kwenye kibao bapa cha sentimita 20, na kingine kwenye bomba la plastiki kwa sehemu za ndani. Anza na 120 kwa kuuburuta kimshazari kutoka omo kwenda tezi, mkono mwepesi. Balsa inakatika haraka kuliko unavyodhani. Kila mapigo ishirini simama, funga macho, pitisha kiganja. Kiganja kinaona kuliko jicho. Gamba la milimita 3 lilenge kubaki kama milimita 2.

Nenda 180, kisha 240. Kabla ya 240, panapoonekana mabonde changanya vumbi la msasa ulilolikusanya na gundi nyeupe kidogo, ujaze, na usubiri. Kama umegonga chombo na kubonyeza shimo bila kukata nyuzi, usijaze: dondosha tone la maji, weka kitambaa kibichi, gusa kwa ncha ya pasi ya moto sekunde mbili. Seli zilizobonyea zitafura na shimo litapanda lenyewe. Ukilijaza puti kwanza, hila hii haitafanya kazi tena.

Kuziba, au jinsi ya kutokunywa

Ndani kwanza. Watu hupaka nje mara tano, ndani wanaacha kikavu, na maji yanayoruka juu ya sitaha yanaingia huko huko. Kabla ya kufunga sitaha, paka ndani koti mbili za epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa) iliyolainishwa, au sanding sila kama huna epoksi, kwenye kila pembe ya taruma.

Nje, sanding sila ya mafundi wa fanicha ni mwanzo mzuri. Koti ya kwanza itasimamisha nyuzi kama nywele za mtu aliyeamka. Acha ikauke, piga 240. Ya pili changanya na poda ya watoto, kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vinne vya sila, inaziba vinyweleo. Piga 400. Ya tatu safi. Fanyia nje, thina ina harufu ya kuumiza kichwa na inashika moto.

Sila peke yake haitoshi kwa chombo cha majini. Balsa ni laini, ukucha unaacha alama, na alama ni tundu. Kinachoiokoa ni ngozi ngumu nyembamba juu yake. Wahandisi wa ndege ya Kiingereza ya Mosquito, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walifanya jambo hilo hilo: balsa katikati, plaiwudi nyembamba pande mbili, na ndege ikaruka. Kwetu ngozi ni kitambaa chepesi cha faiba, gramu 25 hadi 50 kwa mita ya mraba, na epoksi. Mafundi wa bodi za magari wana faiba, lakini ile nene ya manyoya manyoya. Hiyo itaongeza uzito kuliko chombo chenyewe. Ukikosa nyepesi, soksi ndefu za nailoni za akina mama zinafaa: ivute moja juu ya gamba zima mpaka ikaze, ibane kwa pini ukingoni, paka epoksi kwa brashi ngumu ukisukuma kutoka katikati kwenda pembeni, kisha futa ziada kwa kadi ya simu ya zamani. Mke wangu alizihesabu soksi zake baada ya chombo cha tatu, kwa hiyo nunua zako.

Epoksi ipime kwa mzani, si kwa macho, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kidogo kikizidi haikauki kamwe, inabaki kama gundi ya panya. Usiku wa Julai weka chombo ndani ya nyumba.

Mlingoti, foromali na tanga

Mlingoti usiwe wa balsa. Utavunjika siku ya kwanza. Chagua mwanzi mwembamba uliokauka, sentimita 55, na foromali, ule mti wa kutundikia tanga, ya sentimita 60 ya mwanzi pia. Kiti cha mlingoti kwenye mkuku kiwe kipande cha mninga, hapo ndipo nguvu zote za upepo zinapofikia. Kitambaa cha mwavuli uliovunjika ndicho tanga bora nililowahi kupata: chepesi, hakinywi maji, na kila msimu wa masika mji mzima unatupa miavuli. Kata pembetatu, pinda kingo, mpe fundi cherehani.

Uzito wa chini

Mashua ya kipimo hiki ikizama sentimita 5 hivi hubeba karibu kilo 1.7. Gamba, sitaha na tanga kwa pamoja ni gramu 350 hadi 450 kama hukumwaga epoksi. Kinachobaki ni mzigo wa chini, na ndio unaoizuia isipinduke. Vipande vya risasi vya kubalansia matairi hupatikana kwa mafundi wa tairi. Visiyeyushwe jikoni, moshi wake ni sumu. Vitumie vilivyo, vipange juu ya mkuku, kisha osha mikono.

Jaza karai au beseni kubwa. Weka chombo bila sitaha, ongeza vipande kimoja kimoja, kwanza katikati. Omo ikipanda, sogeza mbele. Ikilala upande, sogeza upande mwingine. Sukuma kichwa cha mlingoti mpaka ukingo wa chombo ukaribie maji, kisha uachie. Kikirudi chenyewe, andika mstari wa maji kwa penseli, gundisha vipande kwa epoksi, ndipo ufunge sitaha, ukiiachia kifuniko. Kikisita kurudi, mzigo uko juu mno, ushushe.

Kiache beseni usiku mzima kikiwa na sitaha. Kipime kwa mzani kabla na baada. Gramu mbili tatu ni maji yaliyoshika juu. Gramu kumi na zaidi, kuna tundu: kikaushe siku tatu kwenye kivuli, litafute kwa kupuliza moshi wa udi ndani kupitia tundu la mlingoti, uone unapotokea.

Siku ya Duluti

Ziwa Duluti liko Tengeru, barabara ya kwenda Moshi, kreta iliyozungukwa na msitu. Uliza utaratibu getini kabla ya kuingia na chombo. Upepo pale huzungushwa na miti na kuta za kreta. Unakaa kimya, halafu unapiga kutoka upande usioutegemea. Kwa hiyo mara ya kwanza funga uzi wa kuvulia mita 30 kwenye tezi. Tanga lilegeze nusu. Usukani uuelekeze kidogo tu upande wa upepo unakotoka, ukaze kwa raba bendi.

Ukitoka majini, mwaga maji, futa, na uache kifuniko cha sitaha wazi siku nzima nyumbani. Nyufa ndogo za rangi zikionekana zizibe jioni hiyo hiyo kwa epoksi, kabla balsa haijaonja maji. Cha kwangu cha pili kilikuwa na ufa mmoja wa urefu wa kucha, nikasema nitauziba Jumamosi. Jumamosi omo ilikuwa imevimba na rangi imefumuka kama mkate wa mofa, ikabidi niikate yote na kuanza upya kutoka taruma la pili.